"Kura ya maoni" kwa Kiingereza ni ipi?

Mwanzoni mwa Agosti 2010 nilipata kazi ya siku chache ya kumtafsiria mgeni aliyekuja Dar es Salaam kufuatilia maandalizi ya uchaguzi mkuu. Mzee mmoja, tukiwa tumekaa barazani kwake, akatuambia: "Mbunge wetu kaangushwa kwenye kura za maoni." Nikatafsiri papo hapo: "He lost the referendum." Mgeni akaanza kuandika, akasimamisha kalamu, akaniuliza ni sheria gani inayowaita wananchi kupiga kura ya aina hiyo juu ya mbunge mmoja.

Niliona aibu, maana mzee alikuwa amesema kitu sahihi kabisa. Tarehe 31 Julai Wazanzibari walikuwa wamepiga kura ya maoni kuhusu serikali ya umoja wa kitaifa, na tarehe 4 Agosti Wakenya wakapiga yao kuhusu katiba mpya. Hizo zote mbili ni "referendum". Lakini kura za maoni za mzee zilikuwa za ndani ya chama, za kuchuja wanaotaka ubunge. Kiingereza chake ni "primaries". Wakenya huita mchujo. Na watafiti wakipita mitaani kuuliza watu watamchagua nani, tunasema kura ya maoni vilevile, ilhali hiyo ni "opinion poll".

Kwa hiyo nakushauri hivi: kabla ya kutafuta neno la Kiingereza, jiulize nani anafanya nini. Chukua "kuteua". Rais akimteua waziri, neno ni "appoint". Chama kikimteua mgombea, ni "nominate". Wananchi wakipiga kura, hapo ndipo "elect". Nimewahi kumsikia mtu akimtambulisha diwani mbele ya wageni kwa "was appointed", na nikasikitika, kwa sababu neno moja lilifuta kura zote alizopigiwa yule mama.

"Msimamizi" nalo liangalie vizuri. Wa kituo ni "presiding officer", wa jimbo ni "returning officer". Hilo la pili huwatatiza wengi: anarudisha nini? Zamani Uingereza ofisa huyo alipokea hati ya kuamuru uchaguzi, kisha akairudisha na jina la mshindi. Ukijua hivyo hulisahau tena.

Kosa ninalolisikia zaidi ni "I voted him". Linatokana na Kiswahili chenyewe: tunaposema nimempigia kura, ile "-ia" ya kutendea imeshabeba maana ya "for". Kiingereza hakina kiungo hicho ndani ya kitenzi, lazima "for" isimame peke yake: "I voted for him." Na ukisema "we voted him out", mmemng'oa.

Usidharau vineno vidogo. Katiba ya Kenya inamtaka rais apate zaidi ya nusu ya "votes cast", yaani kura zilizopigwa. Je, kura iliyoharibika nayo imepigwa? Mwaka 2013, Uhuru Kenyatta alipotangazwa mshindi kwa asilimia 50.07, swali hilo lilifika Mahakama ya Juu, nayo ikaamua kwamba kura zilizokataliwa, "rejected votes", haziingii kwenye hesabu. Kwa pengo dogo namna ile, tafsiri ya "cast" ilikuwa na uzito wa nchi nzima.

Ukitaka kujizoeza, tafuta Fomu 34A za Kenya za mwaka 2022, yaani fomu za matokeo ya kura za urais katika kila kituo. Tume ya uchaguzi iliweka mtandaoni picha za fomu kutoka vituo vya kupigia kura, na vituo vilikuwa 46,229. Chagua ya kituo unachokijua. Soma kwa sauti kila mstari wa Kiingereza, kuanzia "registered voters" hadi "valid votes cast", kisha funika karatasi na umweleze mtu wa nyumbani kwa Kiswahili kila namba imetoka wapi. Mimi hufanya hivyo na mpwa wangu jioni, na mstari unaotukwama tunaurudia kesho yake.