Hilo kopo la kushta usimpe mzee

Mkuu, simamisha hilo zoezi kwanza. Umeuliza mambo manne: misingi ya tiba ya Kiyunani, nafasi yake zama hizi, kama inamfaa mwenye kisukari, na mzee wako wa magoti aanze na dozi gani ya kushta anayoileta shemeji yako kutoka Delhi. Mimi nimekwama hapo kwenye kushta.

Kushta ni dawa ya tiba hiyo ya Kiyunani, ya madini yaliyochomwa mpaka yakawa majivu. Wanayasaga na maji ya mimea, wanayaziba ndani ya chungu kwa udongo, wanachoma kwa moto wa samadi kavu, wanasaga tena, wanachoma tena. Ipo ya chuma, ya fedha, ya bati, ya marijani. Ipo pia ya madini ya risasi, ya zebaki na ya aseniki, ambayo ni sumu. Zikishakuwa unga, kwa macho hutajua umeshika ipi.

Mimi niliuziwa Hyderabad, nilipompeleka ndugu yangu kutibiwa. Dukani karibu na hospitali mtu mwenye ndevu nzuri na Kiingereza cha upole akanisikia nalalamika mgongo. Akanitolea vikaratasi vilivyokunjwa kama vya ugoro, ndani unga wa kijivu. Kiasi cha punje ya mchele, kijiko cha asali, alfajiri kabla ya kula. Havikuwa na jina wala tarehe. Akaniapia kwamba ni asili tupu, haina kemikali hata chembe, na kwamba hiyo hata si dawa, ni ya kurudisha nguvu. Nikabeba wa kutosha na kurudi nao Dar.

Mgongo ulitulia kidogo mwanzoni, sikatai. Kisha tumbo likaanza kunikaza usiku mpaka nalala nimejikunja, choo hakipatikani, mdomoni ladha ya chuma, nikipanda ngazi nahema. Nikatibiwa taifodi. Nikatibiwa vidonda vya tumbo. Na hapa ndipo lilipokuwa kosa lililonigharimu kuliko yote, naomba ulisome mara mbili: kila daktari aliniuliza kama kuna dawa nyingine natumia, na kila mara nilijibu hakuna. Sikuwa nadanganya. Niliambiwa si dawa, nikaamini si dawa, nikaendelea kuilamba na asali kila alfajiri huku nikimeza vidonge vya ugonjwa nisiokuwa nao.

Aliyenitoa ni daktari mmoja mtu mzima. Alinivuta mdomo wa chini, akamulika tochi, akaona mstari wa samawati iliyofifia kwenye ufizi, pale unapokutana na meno. Akauliza, "Unafanya kazi kwenye betri?" Nikamwambia mimi ni wa ofisini. "Basi risasi umeila. Kumbuka unakula nini." Ndipo nikavikumbuka vikaratasi. Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe risasi ikifika maikrogramu 5 kwa desilita ya damu. Yangu ilikuwa mbali sana na hapo. Nikawekewa dawa ya kuivuta itoke kwa mkojo, na bado nikaambiwa iliyoshaingia kwenye mifupa itakaa humo miaka.

Mnaotaka kucheka chekeni, lakini hasira yangu kwa yule muuzaji haijaisha. Asili tupu! Risasi ni ya asili. Zebaki ni ya asili. Sumu ya nyoka ni ya asili. Na wale wa magrupu ya WhatsApp wanaosambaza "dawa ya Ibn Sina", yule tabibu wa Kiislamu wa zamani, bila kuonyesha kilichomo ni walewale tu.

Hao wanaomtaja Ibn Sina wamsome basi. Msingi wa tiba hii ya Kiyunani, iliyotoka kwa Wagiriki wa kale akina Hippocrates na Galen ikakuzwa na matabibu wa Kiislamu, ni kwamba mwili una maji manne: damu, belghamu (kohozi), safra (nyongo ya njano) na sauda (nyongo nyeusi). Kila mtu ana mizaji yake, yaani hali yake ya mwili, ya joto au baridi, ukavu au unyevu, na ugonjwa ni mizani kuvurugika. Bibi zetu wa pwani wanaokwambia chakula hiki baridi, kile moto, wanaongea lugha hiyohiyo. Sasa tazama ngazi ya matibabu: kwanza hewa, usingizi, mwendo na utulivu wa moyo, kisha chakula, kisha dawa, na hapo mmea mmoja hutangulia mchanganyiko, upasuaji mwisho. Mwenye kuanza na kushta ameruka ngazi nzima ya hakimu wake mwenyewe, yaani tabibu wa Kiyunani.

Zama hizi? India kuna vyuo na shahada ya tiba ya Kiyunani iitwayo BUMS, na matabibu hao husajiliwa. Hakim Ajmal Khan wa Delhi alimhimiza mkemia Salimuzzaman Siddiqui achunguze mzizi wa Rauvolfia uliotumiwa na matabibu wa huko. Mwaka 1931 Siddiqui akatenga kemikali aliyoiita ajmaline kwa heshima yake, na madaktari wa moyo wanaitumia mpaka leo. Inatumika kwa sababu inajulikana ni kitu gani na kiasi gani kinaingia mwilini. Hilo tu ndilo ninalolidai kwa hilo kopo.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: kisichoandikwa kilichomo, hakimezwi. Muulize shemeji jina kamili kwenye lebo. Akisema "kushta" tu, likae kabatini mpaka lipimwe maabara. Usihadaike na habari kwamba India inapima madini mazito. Kanuni ya 2006 inahusu dawa za mimea zinazosafirishwa kuuzwa nje, na kopo la kwenye begi la abiria halipiti huko.

Dozi sikupi. Na kama mzee ameshaanza kuilamba, nenda naye hospitali leo, kopo mkononi, mtaje hilo kopo kabla hamjaulizwa, na muombe kwa jina kipimo cha risasi kwenye damu. Vipimo vya kawaida huenda vikaonyesha tu damu imepungua, na mtarudishwa nyumbani na vidonge vya kuongeza damu.