Tabo Inasingiziwa

SWALI: Gari langu lina injini ya petroli ya lita 2.0 yenye tabo (turbo, feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili isukume hewa ndani ya injini). Siku hizi nikikanyaga mafuta, likivuka mizunguko 3,000 kwa dakika linazubaa, nasikia mluzi kama wa hewa inayotoka, na nyuma unaonekana moshi mweusi. Likienda polepole halina shida. Fundi wa kwanza amesema tabo imekufa, ninunue nyingine. Wa pili anasema tabo ni nzima, tukaze tu fimbo ya westigeti (mlango unaopunguza presha kwa kupitisha moshi pembeni ya tabo) ili presha ipande. Nimfuate yupi?

JIBU: Usimfuate yeyote mpaka njia ya hewa ipimwe. Mluzi, moshi mweusi na kuzubaa wakati presha inapanda, vyote kwa pamoja, vinaelekeza kwenye hewa inayovuja kati ya tabo na injini. Sensa ya hewa iko kabla ya tabo. Imeshahesabu hewa yote iliyopita, na kompyuta imetoa petroli ya kutosha hewa hiyo. Sehemu ya hewa ikitokea njiani, petroli inazidi, na huo ndio moshi wako. Kwenye magari yanayotegemea sensa ya presha ya manifoldi (njia inayogawa hewa kwenye silinda) peke yake moshi huwa mdogo, unaona tu nguvu imepotea.

Kinachochosha ni hii tabia ya kila gari lililokosa nguvu kuhukumiwa tabo. Ushahidi unaoletwa mara nyingi ni oili ndani ya mabomba ya intakula (kipozeo cha hewa inayotoka kwenye tabo). Utando mwembamba wa oili humo ni kawaida, unatokana na mvuke wa injini unaorudishwa kwenye njia ya hewa. Ushahidi wa pili ni shafti kuyumba pembeni ikisukumwa kwa kidole. Nao ni dhaifu, kwa sababu tabo nyingi zimejengwa shafti ielee juu ya oili, na injini ikizimwa lazima iyumbe kidogo. Kinachotisha ni shafti kwenda mbele na nyuma kiasi cha kuhisika mkononi, au mabawa kukwaruza nyumba yake.

Hata moshi wa bluu hauhukumu tabo moja kwa moja. Oili ya tabo hurudi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) kwa kuteremka yenyewe. Bomba la kurudishia likiziba, au vali ya PCV (inayotoa mvuke ndani ya injini) ikiziba na presha ikajaa ndani ya injini, oili hupenya kwenye sili za tabo iliyo nzima kabisa. Ndiyo maana kuna watu wanafunga tabo mpya, inatoa moshi siku hiyohiyo, kisha wanaambiwa waliuziwa feki.

Kwa gari lako, injini ikiwa imezimwa na imepoa, toa bomba kwenye mdomo wa tabo wa kunyonyea hewa, uzibe kwa kizibo chenye vali ya tairi. Ziba pia hozi ya mvuke wa injini inayoingia hapo, la sivyo presha itakwenda kwenye sampu na kusukuma sili za krenki. Tumia kompresa yenye regyuleta (kidhibiti cha presha). Anza na bar 0.3, panda taratibu hadi karibu na presha ambayo gari lako hufanyia kazi, na kwa jaribio hili usivuke bar 1. Anayechomeka hozi ya kompresa moja kwa moja, yenye bar 8 ndani, atapasua intakula na kukuambia ilikuwa imechoka.

Sasa nyunyizia maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Hozi za mpira zipapase upande wa chini, ambako oili hutuama na kuulainisha mpira. Ufa wa hapo hufunga injini ikizimwa na kufunguka presha ikiingia, kwa hiyo kuutazama kwa macho tu hakusaidii. Kagua klipu iliyokazwa mpaka ikakata mpira, maungio ya plastiki na alumini kwenye intakula, na daiframu ya vali inayoachia presha unapoondoa mguu. Hewa kidogo inayosikika kwenye ekzosi au kwenye mfuniko wa oili isikushtue: inapitia vali zilizo wazi na ringi za pistoni.

Ukiziba uvujaji na uzito bado upo, pima akchueta ya westigeti (kifaa kinachosukuma fimbo yake) kwa pampu ya mkono, kisha plagi, maana mwanya ukiwa mpana gari humisi (cheche hushindwa kuwasha) presha ikipanda tu. Fuata kipimo cha kitabu cha gari. Katalisti (kisafisha moshi kwenye ekzosi) iliyoziba nayo huleta uzito wa namna hiyohiyo.

Turudi kwa yule wa fimbo, ambaye ni hatari kuliko wa kwanza. Wa kwanza atakumalizia pesa. Huyu atakumalizia injini. Kukaza fimbo wakati hewa inavuja ni kujaza upepo tairi lenye tundu. Kompyuta inataka presha fulani na haiipati, kwa hiyo tayari inailazimisha tabo izunguke zaidi, na shafti hiyo hupita mizunguko 100,000 kwa dakika hata katika hali ya kawaida. Fimbo ikikazwa, westigeti inachelewa kufunguka, tabo inazidi kasi, hewa inatoka ya moto zaidi, na petroli inaanza kulipuka kabla ya wakati wake. Kugonga huko (noki) ndiko kunakovunja kingo za pistoni zinazoshikilia ringi. Kompyuta haiwezi kukuokoa kupitia westigeti, kwa sababu haina uwezo wa kuitumia kushusha presha chini ya ile ambayo springi na fimbo vimewekewa.

Wapo pia wanaouza vidude vya kuidanganya sensa ya presha ili kompyuta isikate mafuta presha inapozidi. Ukato huo uliwekwa kulinda pistoni, na anayeuondoa bila kurekebisha petroli na muda wa cheche anauza kifo cha injini kwa reja reja. Wengine hata skana hawaisomi vizuri: wanaona kPa 180 wanadhani tabo inapuliza bar 1.8, kumbe mle mna takriban kPa 100 za hewa ya kawaida, tabo imeongeza bar 0.8 tu.

Kupandisha presha kihalali kunawezekana, kwenye injini isiyovuja na isiyomisi. Mchanganyiko usomwe kwa sensa pana ya oksijeni (wideband). Ile nyembamba inajua tu kama uko juu au chini ya 14.7 (sehemu za hewa kwa sehemu moja ya petroli), wakati kwenye presha kamili injini nyingi za petroli hutengenezwa zifanye kazi karibu na 11.5 hadi 12.5. Zisomwe pia nyuzi ambazo kompyuta inarudisha nyuma cheche kwa sababu ya noki, kwa petroli ileile utakayoitumia kila siku. Rangi ya plagi haichukui nafasi ya vipimo hivyo: plagi iliyotolewa baada ya gari kuingia gereji polepole inaonyesha mchanganyiko wa kuingia gereji, si wa presha kamili.