Maswali ya Wasomaji: Losheni ya SPF 50, na Bado Ngozi Inaungua

SWALI: Mimi ni mpima ardhi, na kutwa nzima huwa niko juani. Kila asubuhi hujipaka losheni ya kukinga jua yenye SPF 50 (SPF ni kipimo cha nguvu ya kinga), lakini ikifika alasiri pua na masikio huwaka, na mashavuni kumeanza kutokea mabaka meusi. Je, namba ile ni ya uongo? Mwenzangu, aliye mweusi kunizidi, anadai kwamba yeye hahitaji kinga yoyote. Anasema kweli?

JIBU: Namba hiyo haidanganyi, ila hupimwa maabara kwa miligramu 2 za losheni kwa kila sentimita moja ya mraba ya ngozi, kiasi ambacho wengi wetu hatufikii hata nusu yake. Kamua losheni juu ya kidole cha shahada na cha kati, kuanzia shina hadi ncha, kisha uipake yote usoni na shingoni, bila kusahau masikio. Kwa kuwa jasho na leso huiondoa, losheni ya asubuhi haiwezi kukufikisha alasiri. Rudia kila baada ya saa mbili. SPF 50 haidumu kuliko SPF 30: tofauti yake ni kuzuia takriban asilimia 98 ya UVB, miale ya jua inayounguza ngozi, badala ya 97.

Mabaka yana kisa kingine. SPF hupima hasa kinga dhidi ya UVB, ilhali UVA, aina nyingine ya miale ya jua, hupenya ndani zaidi ya ngozi na hupita hata kwenye kioo cha dirisha. Chagua losheni inayokinga miale yote miwili, na ikiwezekana iliyotiwa rangi ya oksidi ya chuma, kwa maana hata mwanga wa kawaida huyazidisha mabaka katika ngozi nyeusi. Mwone daktari wa ngozi, wala usikimbilie krimu za kujichubua, ambazo huipunguzia ngozi melanini, yaani rangi nyeusi iliyo kinga yake ya asili.

Hata hivyo, kama ningelazimika kukuchagulia kitu kimoja, ningechagua kofia yenye ukingo mpana pande zote (kapelo huacha masikio wazi), ikifuatwa na shati la mikono mirefu lililofumwa kwa kubana.

Mwenzako anasema nusu ya kweli. Melanini nyingi humpunguzia sana hatari ya saratani ya ngozi inayotokana na jua, lakini haizuii kuungua wala mabaka. Macho nayo melanini ya ngozi haiyakingi: miale ya UV (jina la jumla la UVA na UVB) huchangia mtoto wa jicho, hivyo miwani inayoizuia inawahusu nyote wawili.