Dada, hela ya chama usiiguse

Usichukue hizo ziara tisa za mteja wa siri. Mengine tutaongea baadaye. Umeniandikia kwamba hiyo kazi, ya kujifanya mteja wa kawaida ili uchunguze huduma kisha uandike ripoti, inakunyima usingizi, halafu hapo chini kabisa, kama jambo dogo, ukaandika wakala anataka utangulize 18,000 zako kwa mahoteli ya Watamu kisha akurudishie, na utazitoa kwenye chama, ile hela mnayochanga na kupeana kwa zamu. Niliposoma hapo tumbo likanikata, wallahi.

Mimi niko Malindi na hiyo kazi nimeifanya. Nlianza na vidogo vidogo, petroli ya 200 hapa, soda pale supamaketi ya Lamu Road, uangalie kama mtu wa kaunta amekusalimu, ukariri jina lililo kwenye beji na uhesabu dakika za foleni bila kuangalia saa. Malipo 500. Inachosha kichwa lakini unakula.

Halafu ikaja ya hoteli. Mwaka juzi mwezi wa nane, Waitaliano wamejaa, kulala usiku mmoja na chakula cha jioni, malipo 1,500 juu ya gharama. Mle kwenye grupu la WhatsApp la hiyo kazi kulikuwa na jamaa anajiita kochi, akatuma voisi ya dakika nne eti "hela inazunguka tu ndugu zangu, siku kumi imesharudi kwa simu". Siku kumi za nyoko! Mkataba uliandika siku 45 baada ya ripoti KUKUBALIWA, na mimi hilo neno la mwisho nlilipita kama matuta ya usiku. Yeye kumbe alikuwa analipwa kwa kila mtu anayemwingiza. Na mimi wakati huo ndiye mweka hazina wa chama chetu, sasa hesabu umeshaielewa.

Nikatoa 13,000 za chama. Matatu mpaka Gede, tuktuk mpaka Watamu, nauli juu yangu. Nimevaa shati la harusi ya shemeji, najifanya mfanyabiashara wa Nairobi, Kiswahili nakikunja kunja. Nakaa tu, weita anayeleta menyu ni kijana wa Maweni nimecheza naye mpira. "Eh! Umeuza shamba?" Mteja wa siri, huku kwetu, ambako mpaka mbuzi wa jirani anajulikana ni wa nani! Nikacheka cheka, nikaagiza kamba kama fomu ilivyotaka, nawala kama nameza noti, na nyumbani najua leo ni sima na mchicha. Kijana hakunibanduka usiku kucha kwa furaha ya kuniona, kwa hiyo risiti sikuipiga picha, nikasema nitapiga nikifika nyumbani.

Kesho yake hapo Gede nikakaa kiti cha mbele cha matatu, simu na risiti nikaziweka dashibodi, gari linangoja abiria, nikashuka kunywa dafu. Jua la saa sita. Kurudi, simu inachoma na risiti ni nyeusi kama tako la sufuria. Zile karatasi hazina wino bwana, maandishi yake yanatoka kwa joto, ukizianika jua kali zinajiandika zenyewe zote. Na siwezi kurudi hotelini kudai nyengine, maana mimi ni wa siri!

Ripoti nikaandika mpaka adhana ya alfajiri, maswali zaidi ya 70. Jibu likaja mstari mmoja: haijakidhi vigezo. Ile 1,500 hakuna, ile 13,000 hakuna.

Wiki ile ilikuwa zamu ya mama mmoja wa Muyeye, hela ya karo. Nikaziba kwa mkopo wa simu, ule unaokata kila siku ukilala ukiamka, nikauza friji, miezi saba nalipa. Barazani mpaka leo naitwa Bwana Kamba. Nacheka nao, nifanyeje.

Kwa hiyo hela yako isitoke zaidi ya ile unayoweza kuitupa baharini na usigeuke nyuma kuitazama. Mimi mwisho wangu 500. Hoteli wanataka? Watume hela kwanza. Hawataki, wamtafute mwengine. Na akikudai ada ya kujiunga huyo si wakala, ni mwizi. Risiti piga picha palepale kaunta, hata weita awe ndugu yako wa tumbo moja.

Usingizi... mimi nlilala siku nlipomaliza deni, dawa nyengine sijui. Kuna swali lako jengine la yule msichana wa kaunta unayeogopa ripoti yako itamfukuzisha kazi, hilo ngoja nirudi usiku, saa hizi niko na wateja wa samaki. Ila nijibu kwanza: hizo tisa umeshabonyeza kukubali ama bado? Kama umebonyeza, futa sasa hivi, wengi wanakuruhusu kabla siku ya ziara haijafika.