Re: "Put" inanichanganya, nikariri vipi maana zake zote?

Habari ndugu. Umesema bosi kaandika "the meeting has been put off" ukajua mkutano umefutwa, kumbe umeahirishwa tu, na sasa unataka kukariri maana zote za put. Usikariri aisee, mi nilijaza daftari zima na bado nikawa nakwama. Cha kwanza angalia kineno kinachofuata, hicho ndo kinabeba maana: put off ni kuahirisha, put out ni kuzima moto au sigara, put up with ni kuvumilia. Off inatuponza sababu tumeizoea kwenye swichi ya taa.

Ukishajua hicho kineno angalia nani au nini kinafanyiwa, maana put down ya simu ni kukata simu, ya mtu ni kumdharau mbele za watu, ya mbwa mgonjwa ni daktari wa mifugo kamchoma sindano ya kumuua asiteseke, hii ya mwisho iliwahi kunipita kabisa nikampa mwenzangu hongera badala ya pole.

Na wewe tayari unaijua hii kazi, kwani piga pasi, piga picha, piga magoti nani kakukaririsha? Umezishika na maneno yake. Fanya hivyo hivyo, andika sentensi nzima uliyokutana nayo.