Ukuta unaotembea na jua: anza na kivuli, mota baadaye

Msomaji mmoja anayechora nyumba ya wageni Kigoma, uso wake ukitazama Ziwa Tanganyika upande wa magharibi, ameuliza ni mota gani inafaa kuendesha vibao vya ukutani ili jengo lionekane lina uhai. Ndugu yangu, mota iweke pembeni kwanza. Institut du Monde Arabe, taasisi ya utamaduni wa Kiarabu ya Paris, jengo la mwaka 1987, ina paneli 240 za chuma zenye matundu yanayofumba na kufumbua kama jicho la kamera, na mitambo yake imesumbua miaka mingi. Kama Paris wamehangaika, wewe vipuri utavitoa wapi? Jua linasogea bure kila siku. Lipe ukuta wenye kitu cha kushika.

Chukua tofali la kuchoma la sm 22, lilaze kukata ukuta wa inchi tisa, kichwa kitokeze nje sm 3. Kwenye ukuta unaotazama magharibi kivuli chake hushuka chini hivi: saa nane mchana kama sm 11, saa tisa sm 5, saa kumi sm 3, saa kumi na moja hakifiki sm 2. Kigoma jua hufika juu kabisa yapata saa saba, si saa sita, kwa hiyo usinakili mahesabu ya Dar es Salaam. Mtu akiketi barazani mchana kutwa, anauona ukuta ukianza na michirizi mirefu myeusi na kuishia laini, mwekundu wote. Huo ndio mwendo, na haudai umeme.

Wengi huharibu kwenye nafasi. Matofali yakitokeza kila baada ya kozi moja, yaani mstari mmoja wa matofali, kati yake hubaki sm 9 tu. Kivuli cha saa nane kinalijaza pengo lote na ukuta unakuwa giza tupu. Ruka kozi mbili, upate sm 17.

Ukuta unaotazama kaskazini unataka mbavu za wima, yaani mistari ya kutokeza inayosimama juu hadi chini, kwa sababu jua hupita ubavuni mwake: asubuhi kivuli kiko upande wa magharibi wa ubavu, jioni kimehamia mashariki. Ukuta huo hupata jua tangu Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, kiangazi chote kikiwemo. Wa kusini hulipata miezi iliyobaki, mingi ya mvua na mawingu. Usipoteze pesa huko.

Sasa mvua. Maji hutuama juu ya kila tofali lililotokeza, ukungu unaota, kisha tofali linamung'unyuka. Tandika juu yake mteremko mdogo wa sementi na mchanga, moja kwa tatu. Matofali ya pembeni mwa tanuru, yasiyoiva vizuri, yasitokezwe kamwe. Gonganisha mawili, yakilia kama chuma ni mazuri, yakitoa mlio wa kopo bovu yapeleke ndani ya ukuta. Na tafadhali, mwambie mwenye nyumba mapema kwamba hapo hapapigwi lipu. Inauma kuona kazi ya wiki tatu ikifunikwa siku moja.

Ukitaka kitu kinachocheza kweli, tumia upepo unaotoka ziwani mchana. Kata bati la alumini la mm 1, vipande vya sm 10 kwa 10, kunja ukingo wa juu uwe mrija wa mm 6, upitishe fimbo ya mm 4 isiyoshika kutu, vipande vining'inie na kupepea. Mrija ukibana zaidi, vumbi linagandisha. Ukilegea, kelele usiku kucha, hivyo usiweke juu ya vyumba vya kulala. Kati ya alumini na fremu ya chuma inayovibeba weka mpira, la sivyo msimu wa mvua alumini italiwa. Piga msasa uso wake, usimchome jirani macho jua likizama.

Kabla ya kujenga, panga matofali bila udongo, mita moja kwa moja, yatazame upande halisi wa ukuta, na upige picha kila saa kuanzia saa saba hadi saa kumi na mbili. Mwenye nyumba aone picha hizo kwanza, ndipo asaini mchoro.