Maswali ya Wasomaji: Jabali Linatoka Bapa Kama Ukuta

Swali: Shikamoo mama. Julai mimi na mke wangu tunakwenda Namibia. Tutakodi pikapu yenye hema juu ya paa pale Windhoek, tukalale kwenye milima ya mawe ya Spitzkoppe siku tatu. Majabali ya Mwanza nimeyapiga picha mara nyingi, lakini yanatoka bapa kama ukuta. Ninunue lenzi gani?
*Msomaji, Dodoma*

Jibu: Marahaba mwanangu. Hela ya lenzi ongezea usiku wa nne. Jabali linapoteza umbo jua likiwa utosini, au likiwa mgongoni mwako wewe mpigaji. Mimi nimekulia Mwanza, na miaka mingi nilipiga mawe yale saa sita mchana, kwa sababu ndipo nilipopata nafasi. Spitzkoppe ndiko nilikojifunza, kwa kuwa nililala chini ya jiwe lenyewe.

Kilele kile kina mita 1,728 juu ya usawa wa bahari, granaiti ya zaidi ya miaka milioni 120, kimechomoza kwenye tambarare kavu. Julai jua huchomoza kama saa moja na nusu. Amka kabla yake, na baridi ile vaa koti zito. Simama mahali ambapo jua litakuja ubavuni mwako. Granaiti hubanduka maganda kama kitunguu. Mchana huyaoni, lakini jua likiwa chini kila ganda linaweka kivuli chembamba chini yake, na jiwe zima linageuka rangi ya chungu kilichotoka motoni. Una nusu saa tu. Mwambie mkeo asimame na khanga yake karibu na jiwe, mtazamaji aone ukubwa.

Usiku ndio utamu wenyewe. Panga safari iangukie siku ya tatu au ya nne ya mwezi mwandamo. Mwezi huo mchanga unaangaza mawe kutoka magharibi jioni, kisha unazama kwenye saa tatu au saa nne na kukuachia nyota tupu. Piga picha ya mawe kwanza, halafu anga: lenzi pana ya milimita 20, tundu la lenzi f/2.8, shata wazi sekunde 20, wepesi wa kunasa mwanga ISO 3200. Kamera ikae kwenye tripodi ardhini, kamwe si kwenye bodi ya pikapu. Mwenzio akijigeuza tu hemani, springi zinacheza na nyota zinakuwa mistari.

Vumbi lisikutishe, ila liheshimu. Lenzi badilishia ndani ya gari, vioo vimefungwa. Nafasi za kambi zimeachana sana kati ya mawe. Maji ya kunywa na kuni nenda navyo. Michoro ya kale iliyoko kwenye miamba nenda na kiongozi wa hapo, usiiguse wala kuimwagia maji ili rangi ikolee pichani. Maji hayo yanaifuta.

Barabara ya mwisho ni changarawe yenye mawimbi. Punguza upepo wa matairi kidogo, nenda taratibu. Na kabla hujatoka Windhoek, shusha spea uipime mwenyewe. Yangu nilikabidhiwa haina upepo, nikaigundua tairi lilipopasuka alfajiri, kilele kikiwa tayari chekundu mbele yangu. Asubuhi ile sikupiga hata picha moja.